Karatasi ya Theluji ya Kwanza

Mirza Sabur hakuzaliwa mirza. Alizaliwa mtoto wa mchunga mbuzi pale Sarchashma, kijiji cha juu kabisa bondeni, na kama si miaka yake miwili ya jeshi angezeeka bila kujua herufi hata moja. Huko jeshini kulikuwa na sajini mvivu wa kuandika, akamfundisha Sabur kusoma ili apate wa kumjazia daftari za stoo. Aliporudi nyumbani, kijiji kizima kikaanza kumletea barua: za kusomewa, za kujibiwa, za kuposa, za kumuuliza mtoto aliye mbali mbona kimya. Wakamwita mirza, kama wanavyoitwa watu wa kalamu, na yeye akalivaa lile jina kama kilemba kipya, akawa hatoki bila hilo.

Halafu, mwaka ambao binti yake Sanobar alianza kutembea, wakaja wahandisi wawili na punda watatu. Nyuma ya nyumba ya Mirza wakasimamisha kisanduku cheupe chenye miguu minne, mkebe wa kupimia mvua, na nguzo ndefu iliyopakwa mistari myekundu na myeusi ya kupimia theluji. Ndani ya nyumba wakaweka simu ya kuzungusha kwa mkono, waya wake ukateremka nguzo kwa nguzo mpaka mjini, mwendo wa siku mbili. Walitaka mtu anayejua tarakimu na asiyependa kusafiri. Mirza alikuwa yote mawili.

Basi kwa miaka ishirini na miwili, mara tatu kila siku, alitoka na daftari lake, akasoma nguzo, akarudi, akazungusha simu. Upande wa pili sauti ilisema, "Sarchashma, tupe." Naye kabla ya kutoa alikohoa kidogo na kunyoosha kilemba, utadhani yule wa mjini anamwona. Watu walimtania. Walisema Mirza anawauzia Kabul theluji yetu na sisi hatupati hata shukrani. Yeye hakukasirika. Mkewe alikufa Sanobar akiwa na miaka tisa, akamlea mwenyewe, akajifunza kuoka mikate na kusuka nywele, na katika upweke ule ilikuwa faraja kujua kwamba kuna mtu mbali huko anayemngoja aseme.

Sanobar alipokua aliolewa Tahkamar.

Tahkamar ni nyumba tatu za ukoo mmoja, chini ya Sarchashma, mwendo wa saa moja na nusu ukiteremka na saa mbili ukipanda. Pana jua, pana udongo mzuri, miaprikoti yake inazaa mpaka matawi yanaegemezwa miti. Ila nyuma ya nyumba kuna mteremko mrefu usio na mti hata mmoja, na katikati ya mteremko kuna jabali kubwa. Kila mwaka theluji ilishuka pale ikafika kwenye jabali ikasimama. Ilikuwa hivyo miaka sitini, tangu nyumba ya kwanza ijengwe, na watu wa Tahkamar walilisifu lile jabali kama mtu anavyomsifu mbwa wake wa mlangoni.

Lakini Mirza alikuwa na daftari. Na ndani ya daftari, mwaka wake wa tano kazini, aliandika kwamba theluji nyingi ilinyesha siku moja, kesho yake ikaja mvua ya joto juu yake, na theluji ikalipita jabali hatua arobaini. Alikwenda mwenyewe akazihesabu. Akamweleza Khal Murad, mkubwa wa nyumba zile tatu.

"Arobaini tu?" Khal Murad akasema. "Nyumba yangu iko hatua mia moja na ishirini. Bado nina themanini za kukaribishia wageni."

Khal Murad ndiye baba wa mume wa Sanobar. Ndiye pia rafiki mkubwa wa Mirza, tangu kabla watoto wao hawajazaliwa. Alikuwa pande la mtu, ndevu zimejaa kifua, akicheka kuku wanakimbia. Na kilichowaunganisha wawili hawa kuliko undugu wa ndoa ulikuwa mchezo wa theluji ya kwanza.

Kwetu siku theluji inapolala kijijini kwa mara ya kwanza, mtu huandika karatasi, huikunja, humtumia mwenzake. Ndani imeandikwa kwamba theluji ni yangu na karamu ni yako. Ukiipokea ukaifungua, umeshindwa, unachinja na kupika. Lakini ukiishtukia, ukamkamata aliyeileta kabla hujaifungua, unampaka masizi usoni na kumrudisha na karatasi yake, na karamu inamwangukia aliyetuma. Kwa hiyo siku ile hakuna anayepokea kitu mkononi mwa mwenzake. Mke akimpa mumewe kijiko, mume anakigeuza kwanza.

Katika mchezo huu Mirza alikuwa hana mfano. Mwaka mmoja aliiweka karatasi ndani ya mkate. Mwaka mwingine aliifunga kwenye dawa ya macho ya Bibi Shirinmah, mke wa Khal Murad, na maskini mama wa watu akaifungua. Mwaka mwingine alimtuma Sakhidad, yule msagaji wa kinu cha maji, akaenda analia machozi ya kweli kwamba ng'ombe wa Khal Murad kaanguka mtoni, na kwamba aliyeona ameandika mahali penyewe, karatasi hii hapa. Kwa miaka ishirini na mmoja Khal Murad alishinda mara mbili tu. Kila aliposhindwa aliapa mbele ya sahani ya pilau kwamba safari nyingine, hata malaika akija na karatasi, atampaka masizi.

Sasa mwaka ninaousimulia baridi ilianza kavu. Mwishoni mwa vuli sauti ya mjini ilimsomea Mirza utabiri wa msimu: mvua kubwa mabondeni, theluji nzito milimani, hasa katika nusu ya pili ya baridi. Mirza akautangaza msikitini. Watu wakatazama mbingu iliyokuwa safi kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu, wakamuuliza kama ameshika waya vizuri. Wiki zikapita. Vilele vilikuwa vyeupe kwa theluji ya zamani, imeganda, inang'aa kama kioo, lakini kijijini palibaki vumbi. Watu wakaanza kuogopa ukame wa mwaka unaofuata.

Ikaja siku moja katikati ya mwezi wa Jadi, mwezi wa baridi kali, wakaamka theluji imelala. Mirza alitoka alfajiri na taa, akasoma sentimita arobaini na tatu, na bado ilikuwa ikishuka, kavu, nyepesi, chembe zisizogusana. Watoto wakaichota kwenye bakuli wakaila na asali ya matunda ya forosadi. Wanaume wakapanda mapaani na makoleo ya mbao kuisukuma chini, wakitupiana maneno paa kwa paa. Ilikuwa furaha, na pia ilikuwa siku ya kuchungana mikono.

Saa nne simu ikalia, na sauti haikuwa ya kawaida. Haikusema tupe. Ilisema, "Sarchashma, sikiliza na uandike."

Mirza akaandika. Theluji nzito mpaka adhuhuri. Kisha hewa ya joto kutoka magharibi, na mvua, mvua yenyewe, mpaka kwenye vilele, usiku kucha na kesho yake. Hatari ya theluji kuporomoka katika miteremko yote. Na mwisho yule mtu akasema kwamba kuanzia sasa anataka kipimo kila saa, kwamba vituo viwili vya chini vimeshakatika waya, na kwamba Mirza asiondoke kwenye simu. "Wewe ndiye jicho letu la juu," akasema. "Tumebaki nawe tu."

Mirza akanyoosha kilemba. Alisikia raha. Miaka mingi baadaye, katika yote ya siku ile, ni raha hiyo iliyokuwa ikimrudia akiwa peke yake, na akiikumbuka alikuwa akifunika uso kwa viganja.

Maana hakuisahau Tahkamar. Kabla hajaweka chini mkono wa simu alishaona mteremko, mvua juu ya theluji mpya, theluji mpya juu ya ile ya zamani iliyoganda. Alishamwona Sanobar na wajukuu wake wawili, mmoja wa miaka mitano na mmoja wa miwili, na mume wa Sanobar, Qadam, hayupo, yuko kaskazini kwenye mashamba ya pamba. Akapiga hesabu. Kuteremka saa moja na nusu, kurudi saa mbili na zaidi kwa theluji hii. Vipimo vinne vingepotea, na mji umebaki naye tu.

Akakaa, akatoa karatasi, akafanya kile alichokifanya maisha yake yote kila palipokuwa na jambo zito. Akaandika.

"Mkwe wangu Khal Murad, salamu. Mvua ya joto inakuja juu ya theluji hii leo mchana. Ni kama mwaka ule niliokueleza, ila sasa ni zaidi. Tokeni wote kabla ya alasiri, vukeni daraja, kaeni msikitini ng'ambo mpaka nikwambie. Usingoje. Niangalizie mtoto wangu. Sabur."

Akaikunja mara nne, akaifunga uzi. Alivyokuwa akizikunja zote.

Akamwita Sakhidad msagaji, ambaye kinu chake kilikuwa kimeganda na hakuwa na kazi. Sakhidad aliiona karatasi, akaanza kutabasamu.

"Si hiyo," Mirza akamwambia. "Sakhidad, nitazame. Leo si mchezo. Mwambie kwa mdomo pia. Mwambie watoke."

"Nitamwambia," Sakhidad akasema. "Nilie na machozi, au safari hii bila machozi?"

Mirza alitaka kumshika kola, lakini simu ililia nyuma yake kudai kipimo cha kwanza. Akamwambia nenda, nenda tu, na akageuka.

Saa tano alitoa sentimita hamsini na moja. Saa sita, hamsini na sita. Saa saba chembe zilikuwa kubwa, zimeshikana, zinaanguka kama pamba iliyolowa, na kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe kilikuwa kimepita sufuri. Saa nane alitoka akasikia sauti kwenye kilemba chake, tap, tap, akainua uso, na tone la mvua likamwingia jichoni. Mwezi wa Jadi, Sarchashma, mvua. Kipimo cha nguzoni kilikuwa kimeshuka sentimita tatu. Theluji haikuwa imepungua. Ilikuwa inakunywa maji na kujaa uzito.

Akiwa bado amesimama pale akamwona Sakhidad anapanda njia. Alikuwa anacheka tangu mbali. Alipokaribia, Mirza akaona uso wake mweusi tii kutoka paji mpaka kidevu, matone ya mvua yamechora michirizi, na mkononi ameshika karatasi, uzi wake haujaguswa.

Sakhidad alieleza akihema kwamba walikuwa wanamngoja. Hata hajafika mlangoni, wapwa wawili wa Khal Murad walimrukia. Alisema kwa mdomo, aliapa, alisema Mirza ametaka watoke wavuke daraja. Khal Murad akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mwaka jana ng'ombe mtoni, mwaka huu mlima mzima, mwakani atatuletea kiama. Akamwita Sanobar alete chungu cha masizi, na ni Sanobar mwenyewe aliyempaka, akisema nisamehe, mjomba, hii ni zamu ya baba yangu kupika. Kisha wakamlisha supu na mkate, wakamwagizia karamu yenyewe: pilau ya karoti na zabibu, na kondoo wa mkia mnene, si mbuzi kama mara ile.

"Umeshindwa, Mirza," Sakhidad akasema. Halafu akautazama uso wa Mirza, na kicheko kikamwisha mdomoni taratibu. "Ilikuwa kweli?"

Mirza akaichukua karatasi. Ndani simu ilikuwa inalia kudai kipimo cha saa nane. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Yeye alikuwa tayari ameshapita kisima, anateremka, fimbo mkononi, hana hata koti la mvua.

Alikuwa na miaka hamsini na nane na goti moja bovu. Theluji ya njiani ilikuwa imekuwa kama uji, mguu unazama mpaka gotini na kutoka umebeba maji. Alianguka mara nyingi. Kila upande alisikia miteremko midogo ikijiachia, vipande vya ukubwa wa zulia, vya ukubwa wa ua wa nyumba, vinateleza na kuacha nyuma ile theluji ya zamani inang'aa na maji yakitiririka juu yake. Ndicho alichokiogopa. Alijiambia kwamba mteremko wa Tahkamar ni mrefu, una uzito mwingi, utachukua muda kulowa. Alijiambia hivyo kwa kila hatua, na alijua kwamba muda huo alishautumia, saa nne nzima, akisoma nguzo.

Alipotokeza penye kona ya mwisho ilikuwa saa tisa na nusu. Moshi ulikuwa unatoka mapaani. Khal Murad alikuwa juu ya paa lake na koleo la mbao, anasukuma theluji iliyolowa isije ikavunja boriti, na akamwona.

"Jamani tokeni mwone," akaita. "Mwaka huu barua imekuja na mwandishi wake."

Watu wakatoka. Wapwa wawili, wake zao, Bibi Shirinmah akiegemea mlango. Sanobar akatoka wa mwisho, mtoto mdogo kiunoni, chungu cha masizi kwenye mkono mwingine, anacheka kama alivyokuwa akicheka alipokuwa na miaka sita.

"Baba, njoo," akasema. "Leo na wewe utaonja."

Mirza alikuwa amepiga goti kwenye theluji, anatafuta pumzi. Akaitoa ile karatasi kifuani, akakata uzi kwa meno, akaikunjua mbele yao wote, na akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, mpaka pale penye jina lake. Wino ulikuwa umeanza kusambaa kwa mvua.

"Nimeshindwa, mkwe," akasema. "Nimeifungua mwenyewe, mashahidi hawa hapa. Karamu ni yangu, kondoo ni wangu. Sasa toka."

Khal Murad akaacha kucheka. Katika miaka ishirini na mmoja Mirza hakuwahi kukubali kushindwa bila mabishano ya wiki nzima. Mara zile mbili alikuwa akidai masizi hayakukolea, au karatasi ilishakunjuliwa pembe moja. Khal Murad akageuka, akautazama mteremko kwa muda kidogo. Kisha akaruka kutoka paani kama kijana.

Na hapo lazima nimpe haki yake. Alipoamini, hakupoteza hata neno. Alimwamuru mpwa mmoja ambebe Bibi Shirinmah mgongoni. Akawatanguliza wanawake na watoto. Sanobar alikuwa bado ameshika chungu, Mirza akakichukua akakitupa, akambeba mjukuu mkubwa, na wakaanza kwenda darajani, magogo matatu juu ya mto, hatua mia mbili hivi. Hakuna aliyepiga kelele. Mvua ilikuwa imeshika kasi, na waliongea kwa sauti ya chini, kama watu walio chumbani kwa mgonjwa.

Walipofika darajani Khal Murad alihesabu watu, akakuta wametimia. Akageuka kurudi.

Mirza akamshika mkono. Akamwuliza anakwenda wapi.

"Ng'ombe wamefungwa, mkwe," Khal Murad akasema. "Wakiwa huru wangejitafutia. Siwezi kuwaacha kwenye kamba."

"Waache."

"Dakika tano. Nakata kamba tu." Akaanza kwenda, kisha akageuza kichwa, ndevu zinadondosha maji. "Na kondoo awe wa mkia mnene. Nimeshakusikia mbele ya mashahidi."

Walikuwa ng'ambo, kwenye kilima cha msikiti, waliposikia. Kwanza mlio mzito, wa chini, kama mtu anayekokota zulia kubwa juu ya dari. Halafu mteremko wote, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ukasogea. Haukuja kwa haraka kama theluji kavu inavyokuja. Ulikuja polepole kiasi kwamba waliuona vizuri, mzito, wa kijivu, umejaa mawe na udongo, ukafika kwenye jabali, ukalifunika, na ukaendelea. Wapwa walikuwa wanaita jina la Khal Murad. Ng'ombe watatu walionekana wakikimbia kuelekea mtoni. Mirza aliwahesabu bila kutaka, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu: mmoja, wawili, watatu. Khal Murad alikuwa na ng'ombe sita.

Kisha nyumba zikawa hazipo, na mvua ikaendelea kunyesha juu ya mahali pale.

Walichimba siku nane. Sarchashma yote iliteremka, na Sakhidad alichimba kuliko wote. Theluji ile ilikuwa imeganda mara tu iliposimama, ngumu kama saruji, makoleo ya mbao yalivunjika, wakachimba kwa mashoka. Walimpata mlangoni mwa zizi. Alikuwa amelala juu ya ng'ombe wa nne, kisu kwenye mkono mmoja na kamba kwenye mwingine, na kamba ilikuwa imekatwa nusu.

Siku ya pili ya uchimbaji Mirza alipanda nyumbani kuchukua makoleo, akakuta simu inalia. Sauti ilitaka kujua kwa nini kituo kilinyamaza tangu saa nane ya jana. Mirza akaeleza kwa ufupi. Waya ukavuma. Yule mtu akasema pole sana, Mungu awape subira. Kisha akasema, kwa upole, kwamba mvua bado inaendelea, na kipimo cha sasa ni ngapi. Mirza akatoka, akasoma nguzo, akarudi, akampa.

Walimzika Khal Murad kwenye kilima cha msikiti kwa sababu udongo wa kule kwao haukufikika. Watu walipoanza kutawanyika, Sanobar alimjia baba yake. Hakuwa analia. Vidole vyake vilikuwa bado na weusi pembeni ya kucha; masizi ya mafuta hayatoki upesi.

"Sakhidad anasema ulijua tangu saa nne," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyempaka. Nimeliwaza hilo siku nane, nikajiona mimi ndiye niliyemuua baba mkwe." Akavikunja vidole. "Lakini, Baba, tangu saa nne. Ulikuwa wapi?"

Mirza angeweza kusema mengi. Alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kusema vituo viwili vilikatika, mji ulibaki naye tu, aliandika waziwazi, alituma mtu mzima mwenye akili.

"Kwenye simu," akasema.

Sanobar akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na hana uwezo nacho. Akaenda kukaa na mama mkwe wake.

Hawakugombana baada ya pale. Ingekuwa nafuu. Majira ya baridi yote, waliobaki waligawanywa katika nyumba za Sarchashma, na Sanobar na Bibi Shirinmah na watoto walikaa kwa Mirza, maana wangekaa wapi tena. Sanobar alioka mikate, alifua, alimwekea baba yake makaa chini ya meza na mfarishi juu, apashe miguu joto. Alimjibu kila alichoulizwa. Ila Mirza alipotoka kwenda kusoma nguzo, mazungumzo ndani ya nyumba yalianza, na aliporudi yakaisha. Utabiri ule wa vuli ulitimia wote, neno kwa neno. Mvua bondeni, theluji milimani, wiki baada ya wiki. Watu walioucheka sasa walikuja kumwuliza Mirza kesho kutakuwaje, kwa heshima kabisa, na yeye alisoma jibu huku akitazama chini.

Njia zilipofunguka, Qadam alirudi kutoka kaskazini. Alikaa siku kumi kwenye kaburi la baba yake, kisha akasema hatajenga tena. Amepata chumba karibu na mashamba ya pamba. Atawachukua mama, mke na watoto. Alisema haya mbele ya Mirza kwa adabu, hakumlaumu, akamshukuru kwa malezi, na Mirza akasema ndiyo, mwanangu, huko hakuna milima.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa na wingu. Saa mbili simu ikalia kudai kipimo, na Mirza alikuwa uani anafunga mizigo kwenye punda. Sanobar akamtazama, anangoja aingie ndani. Ililia mpaka ikachoka. Mirza akamwinua yule mjukuu mdogo, akamweka mabegani, akatangulia njiani.

Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemkataza pia. Alitembea mbele yao siku ya kwanza mpaka jioni, akionyesha kwa fimbo pa kukanyaga na pa kuzunguka, na kila penye mteremko mtupu alisimama, akautazama mpaka wote wakapita. Siku ya pili adhuhuri walifika barabara ya magari. Lori lilikuwepo. Sanobar alimbusu mkono, na alipoinua uso alikuwa kama anataka kusema kitu, lakini dereva alikuwa anaita na Bibi Shirinmah alihitaji kuinuliwa. Mirza akampa mtoto juu. Lori likaondoka.

Alirudi peke yake, siku mbili nyingine, goti limevimba. Katika daftari la kituo cha Sarchashma siku hizo nne hazina kitu, mistari mitupu. Mjini walimwandikia barua ya onyo, wakamtaka ajaze makadirio. Aliisoma mara mbili, akaikunja, na hakujaza.